"Ndiye huyu": Kwa nini hatuujui vizuri uwezo wetu wa kutambua nyuso

Mtu akimshika bega mwenzake kituo cha basi, na yule aliyeshikwa akageuka na kuonekana kuwa ni mtu mwingine kabisa, Kiswahili kimekwisha kumwandalia neno la kujinusuru: "Samahani, nimekufananisha." Aliyeshikwa bega hutabasamu, kila mmoja akashika njia yake, na jambo likaishia hapo. Ni kosa linalompata kila mtu, na wahenga walilitolea udhuru zamani waliposema kwamba duniani wawili wawili.

Kosa hilo hilo likitendeka mahakamani halina udhuru mwepesi kama huo. Shahidi huulizwa kama anamwona mtu aliyemvamia usiku ule. Huinua mkono, humwelekezea kidole aliyesimama kizimbani na kusema: "Ndiye huyu, sura yake siwezi kuisahau." Shahidi huyo hasemi uongo, anaamini anachokisema. Je, imani yake juu ya macho yake mwenyewe ina thamani gani? Wanasaikolojia wamelichunguza swali hilo kwa miongo kadhaa, na majaji wa nchi jirani za Kenya, Tanzania na Uganda walilikabili kabla ya tafiti nyingi zinazotajwa hapa kuchapishwa. Inashangaza jinsi pande hizo mbili, ambazo ni nadra kuzungumza, zilivyofika karibu mahali pamoja.

Kosa lisilojiandikisha

Mtu akiulizwa juu ya kumbukumbu yake, aghalabu hujibu: "Majina hunipotea, lakini sura sisahau." Jibu hilo lina sababu yake. Ili ugundue kwamba umelisahau jina la mtu, ni lazima kwanza uwe umeitambua sura yake. Umesimama mbele yake, unajua kwamba mlisoma pamoja au mlisafiri gari moja, lakini jina halitaki kuja ulimini. Aibu ya namna hiyo hukaa moyoni. Ukiisahau sura, kwa upande mwingine, hakuna kinachokuzindua. Mtu uliyekaa naye arusini mwaka jana hupita mbele yako sokoni, nawe humwona kama mgeni mmoja miongoni mwa wageni mia. Yeye huenda akasema moyoni kwamba siku hizi umeota kiburi. Wewe hujui hata kama kuna lililotokea. Hivyo daftari letu la makosa lina kurasa nyingi za majina na chache mno za sura, kwa kuwa makosa ya sura hayajiandikishi.

Kuyahesabu makosa hayo kulihitaji kipimo. Mwaka 2006 watafiti Brad Duchaine na Ken Nakayama walichapisha jaribio ambalo sasa hutumika katika maabara nyingi, nalo hujulikana kama Jaribio la Cambridge la Kumbukumbu ya Nyuso. Mtu huoneshwa nyuso sita za wanaume asiowajua, nywele zikiwa zimeondolewa pichani, kisha hutakiwa kuzichagua kila zinapotokea katikati ya nyuso nyingine, huku pembe ya picha na mwanga vikibadilika. Mwishoni picha hutiwa chengachenga ili kuzidisha ugumu. Maswali ni 72. Kipimo hicho kilipopatikana, yale mtu anayoyasema juu yake mwenyewe yaliweza kuwekwa kando ya alama zake.

Tafiti zilizofuata zilionesha kwamba uhusiano kati ya mambo hayo mawili upo, lakini ni dhaifu. Wanaojiona wazuri kwa jumla huwa wazuri kidogo kuliko wanaojiona wabaya, ila tofauti hiyo haitoshi kumtegemea mtu mmoja kwa neno lake. Mwaka 2020 Xingchen Zhou na Rob Jenkins walitoa picha iliyo bayana zaidi: waliofanya vibaya katika majaribio ya nyuso walielekea kujikadiria juu ya uwezo wao, na waliofanya vizuri wakajikadiria chini yake. Aliye mbovu hajui kwamba ni mbovu. Aliye hodari naye hudhani kwamba linalomwia rahisi yeye ni rahisi kwa watu wote.

Katika ncha mbili za mstari huo wapo watu ambao hali zao zinafundisha mengi. Ncha moja wapo wenye hali inayoweza kuitwa upofu wa nyuso. Macho yao ni mazima, wanaiona pua, mdomo na kope, lakini uso mzima hauwaambii huyu ni nani. Humjua mtu kwa sauti, kwa mwendo, kwa nywele au kwa nguo. Watafiti hukadiria kwamba huenda wakafikia watu 2 katika kila 100, na wengi huzaliwa hivyo. Daktari wa mishipa ya fahamu Oliver Sacks, mzaliwa wa London aliyefanya kazi New York hadi kifo chake mwaka 2015, alikuwa mmoja wao. Aliandika kwamba zaidi ya mara moja alimwomba radhi mtu mkubwa mwenye ndevu aliyekaribia kugongana naye, kisha akagundua kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe katika kioo. Jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wenye hali hii hufikia utu uzima bila kujua kwamba wanayo. Hawajawahi kuona kwa macho ya mtu mwingine, kwa hiyo hawana cha kujilinganisha nacho. Hudhani kwamba wana haya, au kwamba hawako makini, au kwamba wenzao nao hupata taabu ile ile.

Ncha ya pili wapo wale ambao Richard Russell, Duchaine na Nakayama waliwaeleza mwaka 2009 baada ya kuwapima wanne kati yao: watu wanaoweza kumtambua mhudumu wa mkahawa waliyemwona mara moja miaka mingi nyuma. Polisi wa London baadaye waliwatumia maofisa wenye kipaji cha namna hii kupekua picha za kamera za barabarani.

Sura ya jirani na sura ya mgeni

Kuna sababu nyingine ya kujidanganya, na pengine ndiyo iliyo nzito zaidi. Kila siku tunatambua nyuso za watu wetu bila taabu. Tunamtambua mama kwa mbali, gizani, katika picha iliyochakaa, hata katika picha yake ya usichana. Kutokana na mafanikio hayo maelfu tunajitolea hukumu: mimi ni mzuri wa sura. Lakini mafanikio hayo yote ni ya nyuso tunazozijua, na kuitambua sura unayoijua ni kazi tofauti na kuitambua sura ya mgeni.

Jenkins na wenzake walionesha tofauti hiyo kwa jaribio jepesi lililochapishwa mwaka 2011. Walikusanya picha 40 za wanawake wawili maarufu nchini Uholanzi, picha 20 za kila mmoja, zikiwa za kawaida kabisa: hapa amecheka, pale ametazama pembeni, siku ile amebadili nywele. Waliwapa watu nchini Uingereza ambao hawakuwajua wanawake hao, wakawaomba wazipange katika mafungu, kila fungu liwe la mtu mmoja. Hawakuwaambia ni watu wangapi. Kwa kawaida washiriki waliona watu saba au wanane, na wengine wakaona wengi zaidi. Hakuna aliyepata jibu sahihi la wawili. Waholanzi walipopewa picha zile zile, karibu wote walitengeneza mafungu mawili, na bila shaka walijiuliza ugumu uko wapi.

Tunapomjua mtu, tumekwisha kuuona uso wake katika hali nyingi: akiwa na furaha, akiwa mgonjwa, chini ya jua na chini ya taa. Tumejifunza jinsi uso huo unavyobadilika na bado ukabaki ule ule. Uso wa mgeni tumeuona katika hali moja tu. Tunachokumbuka kinakaribia kuwa picha, na picha nyingine ya mtu huyo huyo huweza kufanana nayo kidogo kuliko picha ya mtu mwingine.

Kibaya zaidi ni kwamba hatuwezi kujivua ujuzi wetu ili tujue mgeni anaona nini. Mwaka 2015 Kay Ritchie na wenzake waliwataka watu wakadirie jinsi watu wengine watakavyofaulu kulinganisha picha za nyuso mbalimbali. Washiriki walidhani kwamba nyuso wanazozijua wao zitakuwa rahisi kwa watu wengine pia, hata kwa wasiozijua. Watafiti hao walitumia matokeo hayo kueleza kwa nini dunia nzima inaamini picha ya kitambulisho kuliko inavyostahili. Kila mtu akiitazama picha yake mwenyewe hujiona waziwazi, basi husadiki kwamba ofisa wa mpakani naye atamwona hivyo.

Jambo hilo linatugusa sisi wa ukanda huu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Rwanda na Uganda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, na ofisa dirishani hutazama kadi, kisha uso, kisha kadi. Je, kazi hiyo hufanywa kwa usahihi gani? Nchini Australia, David White na wenzake waliwapima maofisa wa idara ya pasipoti kwa watu waliosimama mbele yao, na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Picha zilizokuwa za mtu mwingine zilikubaliwa mara 14 katika kila 100. Wapo waliokuwa wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na wapo walioianza karibuni. Miaka ya kazi haikuwa na uhusiano na usahihi. Katika jaribio jingine maofisa hao hawakuwashinda wanafunzi. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Richard Kemp na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika katika supamaketi moja ya London, ambamo makeshia walipewa kadi za malipo zenye picha ya mwenye kadi. Zaidi ya nusu ya kadi zilizobeba picha ya mtu mwingine zilipokelewa.

Sababu ya miaka ya kazi kutomnoa ofisa ni ile ile iliyotajwa awali. Mlaghai aliyepita salama harudi dirishani kusema kwamba amepita. Fundi seremala huliona kosa lake mlango unapokataa kufunga, ilhali ofisa wa mpakani hukaa miaka ishirini bila kuliona lake.

Majaji na shahidi mwaminifu

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ambayo hadi leo hutajwa karibu kila inapokuja kesi ya utambuzi. Majaji walisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu mno na usiotegemeka, na kwamba mahakama isiutumie kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kisha waliorodhesha maswali ya kuuliza: shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani, alikuwa umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, kama ni usiku, mwanga ulikuwaje, na je, alimjua mtu huyo kabla? Mahakama za nchi hiyo zimerudia mara nyingi kwamba haitoshi kusema palikuwa na taa. Koroboi si karabai, na shahidi anatakiwa aeleze ilikuwa taa gani, ilikaa wapi na iliangaza kiasi gani.

Tazama kisichokuwamo katika orodha hiyo. Majaji hawakumwelekeza hakimu aulize shahidi ana uhakika kiasi gani. Nchini Uganda, katika kesi ya Abdalla Nabulere ya mwaka 1979, sababu ya tahadhari ilielezwa waziwazi: shahidi aliyekosea anaweza kuwa ndiye mwenye kushawishi, na hata mashahidi kadhaa wanaweza kukosea kwa pamoja. Maneno hayo yalifuata mwongozo wa majaji wa Uingereza katika kesi ya Turnbull ya mwaka 1976. Mahakama ya Rufaa ya Kenya nayo ilikumbusha mwaka 1984, katika kesi ya Kiarie, kwamba shahidi anaweza kuwa mkweli na bado akawa amekosea.

Sisi tunaotafsiri habari za mahakamani tuna lawama yetu hapa. Tumezoea kuandika "alimtambua" popote, na neno hilo hubeba mambo mawili yaliyo mbalimbali. Aliyesema kwamba mvamizi ni fulani, jirani yake wa miaka kumi, alimtambua. Aliyemwona mvamizi kwa mara ya kwanza usiku ule, kisha akamnyoshea kidole mtu asiyemjua, amefanya jambo jingine, na sioni kwamba tumelipatia neno lake. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilitenganisha mambo hayo katika kesi ya Anjononi na wenzake ya mwaka 1980, ikisema kwamba kumtambua unayemjua kunaridhisha na kutegemeka zaidi kuliko kumbainisha mgeni, kwa kuwa kunatokana na kumfahamu mtu mwenyewe. Tofauti hiyo hiyo ndiyo iliyoonekana katika mafungu ya picha za Waholanzi zaidi ya miaka thelathini baadaye. Hata hivyo Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeonya, katika kesi ya Shamir John, kwamba watu hukosea hata wanapodhani wamewatambua ndugu na marafiki. Kituo cha basi ni ushahidi wa kutosha.

Uhakika unavyokua

Basi je, uhakika wa shahidi hauna maana kabisa? Hilo lingekuwa kulitia chumvi. Watafiti John Wixted na Gary Wells walipopitia tafiti nyingi mwaka 2017, walihitimisha kwamba uhakika anaouonesha shahidi mara ya kwanza kabisa, katika gwaride la utambuzi lililoendeshwa kwa haki, hueleza jambo juu ya usahihi wake. Unaopotosha ni uhakika unaosikika mahakamani miezi au miaka baadaye, kwa kuwa njiani umekwisha kulishwa.

Mfano unaojulikana sana ni wa jimbo la North Carolina, Marekani. Mwaka 1984 mwanafunzi wa chuo kikuu, Jennifer Thompson, alibakwa na mtu aliyeingia nyumbani kwake usiku. Katika kitendo kile alijikaza aisome sura ya mtu yule ili aje kumtambua. Alichagua picha ya Ronald Cotton, kisha akamchagua Cotton huyo huyo katika gwaride, na baada ya kumchagua akaelezwa kwamba ndiye yule aliyemchagua pichani. Kufikia siku ya kesi hakuwa na chembe ya shaka. Katika kesi ya pili, mwaka 1987, mtu mwingine aitwaye Bobby Poole aliletwa mbele yake mahakamani. Thompson alisema hajapata kumwona. Mwaka 1995 kipimo cha vinasaba kilithibitisha kwamba mbakaji alikuwa Poole. Cotton alikwisha kukaa gerezani zaidi ya miaka kumi. Baadaye yeye na Thompson walikuja kuwa marafiki, wakaandika kitabu pamoja.

Jinsi uhakika ulivyokua ndani ya Thompson imeoneshwa pia maabarani. Mwaka 1998 Wells na Amy Bradfield waliwaonesha watu mkanda wa kamera ya usalama, kisha wakawataka wamchague mhalifu katika picha ambazo kwa hakika hazikuwa na mhalifu huyo. Wote waliochagua walikosea. Baadhi yao waliambiwa kwamba wamemtambua mtuhumiwa vizuri. Walioambiwa hivyo walisema baadaye kwamba tangu mwanzo walikuwa na hakika zaidi, na hata kwamba waliuona uso wake vizuri zaidi. Sentensi moja ilibadili kumbukumbu yao ya jinsi walivyotazama.

Hapo ndipo uamuzi mwingine wa Tanzania unapopata uzito. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita iliyoripotiwa mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni hakikisho kubwa la kutegemeka kwake, na kwamba kuchelewa bila sababu kunapaswa kuitia mahakama shaka. Nchini Kenya nako majaji wamesema kwamba kumnyoshea mtu kidole akiwa tayari kizimbani hakuna thamani kubwa kama hakukutanguliwa na gwaride la utambuzi lililofanywa ipasavyo. Aliye kizimbani amekwisha kuoneshwa na mahali alipo.

Kanuni za gwaride lenyewe ni za zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1936 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliziweka katika kesi ya Mwango mwana wa Manaa, na bado hutajwa. Mtuhumiwa husimama miongoni mwa watu wasiopungua wanane, wanaolingana naye kwa umri, kimo na sura kadiri inavyowezekana, na huchagua mwenyewe mahali pa kusimama. Ofisa anayeipeleleza kesi haendeshi gwaride. Shahidi aliyekwisha kutazama hazungumzi na ambaye hajatazama. Na kabla shahidi hajaanza kupita mbele ya safu, ofisa hamwambii achague mtu. Humwambia kwamba ataona kundi la watu, na kwamba huenda aliyemwona siku ile yumo, huenda hayumo.